Nasaba ya Mbwa: Istilahi, Maana na Mipaka Yake

Nasaba ya mbwa ni mfuatano unaoonyesha mbwa fulani amezaliwa na nani, na wazazi wake nao wamezaliwa na nani, kwa vizazi kadhaa mfululizo. Kwa Kiingereza mfuatano huo, au karatasi inayouonyesha, huitwa "pedigree", neno lililotoka katika Kifaransa cha zamani, "pied de grue", yaani mguu wa korongo. Waandishi wa koo za makabaila walikuwa wakichora mistari iliyoachana mfano wa vidole vya ndege huyo ili kuunganisha mzazi na wanawe. Kwa hiyo mwanzoni neno hilo halikuwa la sifa. Lilikuwa alama ya wino katika hati ya ukoo, na maana hiyo ndiyo inayofaa kushikwa pia katika Kiswahili.

Sokoni mbwa mwenye karatasi ya namna hiyo huitwa kwa majina mengi: mbwa wa kizungu, mbwa wa mbegu, mbwa halisi, mbwa wa asili. Linalopotosha zaidi ni hilo la mwisho. Kwa wasemaji wengi asili hurejea mahali na mazoea ya mahali hapo, kama katika dawa za asili au mboga za asili. Kwa kipimo hicho mbwa wa asili wa Kilifi au Dodoma ni yule mwembamba wa manyoya mafupi anayelinda boma na mbuzi, ambaye hakuna aliyewahi kumwandikia babu. "Mbwa halisi" nalo lina kasoro yake, kwa kuwa linawafanya mbwa wengine wote kuwa bandia. "Mbegu" ni neno zuri la wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, lakini hubeba sifa ndani yake: mnyama wa mbegu ni mnyama bora. Karatasi haikuahidi ubora wowote.

Nasaba haina tatizo hilo. Neno hilo limeingia kutoka Kiarabu, na pwani limetumika kwa karne nyingi kutaja mfuatano wa kuzaliwa, hasa katika koo za masharifu ambazo majina ya mababu huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Mtu anaweza kuwa na nasaba tukufu au nasaba ya kawaida. Vyovyote iwavyo, nasaba anayo. Zaidi ya hayo, sayansi imekwisha kulikopa neno hilo ikaunda "vinasaba", chembe zinazobeba sifa za kurithi. Hivyo nasaba iliyoandikwa na vipimo vya vinasaba vya maabara hukaa pamoja katika familia moja ya maneno. Tafsiri zinazopendekezwa hapa ni hizi: nasaba kwa mfuatano wenyewe, cheti cha nasaba kwa karatasi inayouonyesha, daftari la nasaba kwa rejista inayotunzwa na chama, na mbwa wa nasaba kwa mnyama aliyeandikishwa humo.

Nasaba isichanganywe na aina. German Shepherd, Labrador na Saluki ni aina za mbwa, na kila aina ina kigezo chake, yaani maelezo ya maandishi ya umbo, kimo, manyoya, meno, mwendo na tabia inayotarajiwa. Mtoto wa German Shepherd wawili wasioandikishwa ni German Shepherd kama wazazi wake, ila hana nasaba iliyothibitishwa. Kwa upande mwingine, mbwa anaweza kuwa na cheti chenye vizazi vitano na bado akawa na mgongo mbovu na woga usiokwisha. Aina hujulikana kwa kumtazama mnyama. Nasaba haionekani kwa macho, na ndiyo sababu inahitaji daftari.

Daftari lenyewe lilizaliwa kutokana na vurugu ya majina. Maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kupangwa rasmi yalifanyika Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwezi Juni 1859, yakiwa na mbwa 60 wa uwindaji, wote wa aina za pointer na setter. Maonyesho yalipoongezeka ilibainika kwamba mbwa wengi waliitwa majina yale yale mafupi, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni yupi aliyeshinda mwaka uliopita wala ni yupi aliyezaa nani. Mwaka 1873 Sewallis Shirley na wenzake walianzisha Kennel Club jijini London, na kazi yao kubwa ya kwanza ikawa kitabu cha nasaba kilichoorodhesha mbwa 4,027 walioonyeshwa tangu 1859. Mwaka 1880 chama kilianza kuandikisha majina ya mbwa ili jina moja lisimwelekee zaidi ya mnyama mmoja. Marekani ilipata American Kennel Club mwaka 1884, na mwaka 1911 vyama vya nchi tano za Ulaya vikaunda shirikisho la kimataifa, FCI. Afrika Mashariki daftari la mbwa hutunzwa na East Africa Kennel Club yenye makao Nairobi, ambayo pia huandaa maonyesho.

Kuandikwa si sharti la kuwa na nasaba. Mabedui wa Arabuni wamefuga Saluki, mbwa wa mbio na uwindaji, kwa vizazi visivyohesabika bila daftari lolote. Nasaba ya mbwa hao ilikaa vichwani mwa watu: mwenye mbwa alijua mama, bibi, na dume lililoletwa kutoka kabila gani. Florence Amherst alipowapeleka Saluki Uingereza mwaka 1895 walikuwa mbwa wasio na karatasi, na Kennel Club haikuitambua aina hiyo mpaka 1923. Ungemwambia Mbedui kwamba mbwa wake hana nasaba kwa miaka yote hiyo, angekushangaa.

Cheti cha vizazi vitano husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto kabisa huwa mbwa mwenyewe. Safu inayofuata ina majina mawili, baba juu na mama chini. Inayofuata ina manne, kisha manane, kisha kumi na sita, kisha thelathini na mawili. Jumla ni majina 62. Nusu ya juu yote ni upande wa baba, na nusu ya chini upande wa mama. Kila jina ni refu, kwa kuwa hutanguliwa au kufuatiwa na jina la banda alikozaliwa mbwa huyo, ambalo mfugaji amelisajili na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia. Kwa hiyo mbwa anayeitwa Simba nyumbani huweza kuwa na jina la maneno manne katika daftari. Herufi "Ch" mbele ya jina huonyesha ubingwa wa maonyesho. Nchini Uingereza ubingwa huo hupatikana kwa vyeti vitatu vya ushindi vilivyotolewa na majaji watatu tofauti. Siku hizi huongezwa namba ya tarakimu 15 ya chipu inayopandikizwa chini ya ngozi, na bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba karatasi iliyo mezani ni ya mbwa aliyesimama mlangoni.

Msomaji mzoefu hapotezi muda kuhesabu mabingwa. Hutafuta jina linalojirudia. Dume mmoja akitokea upande wa baba na upande wa mama pia, wazazi hao wana undugu, na kiasi cha undugu huo kinaweza kukokotolewa. Fomula ilitolewa na mwanasayansi wa Marekani Sewall Wright mwaka 1922, na matokeo yake huitwa kipimo cha undugu wa damu. Watoto wa binamu wa kwanza hupata asilimia 6.25, wa ndugu wa mzazi mmoja asilimia 12.5, na wa ndugu wa baba na mama, au wa mzazi na mwanawe, asilimia 25. Kipimo hiki hueleza uwezekano wa mtoto kurithi nakala mbili za kinasaba kile kile kutoka kwa babu mmoja. Kama kinasaba hicho kina kasoro iliyojificha, nakala mbili huitoa hadharani.

Hapo ndipo daftari lililofungwa huleta madhara. Daftari hufungwa pale chama kinapoamua kwamba hakuna mbwa atakayeingia isipokuwa watoto wa waliomo. Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni Basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo, masikio wima na mkia uliojikunja, ambaye habweki bali hutoa sauti ya kupandisha na kushusha. Wawindaji wa Ituri na wa nchi ya Waazande humfunga kengele shingoni ili wamsikie anapokimbiza mnyama kichakani. Jina lake ni ndugu wa neno "washenzi", na ni kejeli inayostahili kukumbukwa: walowezi wa Kenya nao walikuwa wakiwaita "shenzi" mbwa wote wasio na karatasi, wakati kule Ulaya mbwa mwenye jina hilo hilo alikuwa akiandaliwa karatasi. Jozi iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, Uingereza, mwaka 1895 ilikufa mapema kwa ugonjwa. Walioletwa na Olivia Burn katika miaka ya 1930 walipona na kuzaana, na Marekani iliwatambua mwaka 1943.

Karibu Basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache walioletwa miaka ile. Ulipogundulika ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu, wafugaji waliwapima mbwa wao na kuwaondoa katika uzazi wale waliobeba kasoro. Hatua hiyo ilikuwa na nia njema, lakini ilizidi kupunguza idadi ya mababu, na baadaye ukajitokeza ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao humfanya mbwa apoteze sukari na chumvi muhimu kupitia mkojo. Wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki mwa Kongo (wakati huo Zaire) mwishoni mwa miaka ya 1980, wakarudi na mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club ikalifungua daftari kuwapokea. Mwaka 2009 lilifunguliwa tena. Mbwa ambao hakuna aliyeweza kutaja babu zao ndio walioletwa kuokoa aina yenye vitabu.

Uingereza ilichelewa kujifunza. Mwaka 2008 filamu ya BBC iliyoonyesha mateso ya baadhi ya mbwa wa nasaba ilizua mjadala mkali, na shirika hilo likaacha kurusha maonyesho ya Crufts kuanzia 2009. Ni baada ya hapo Kennel Club ilipokataa kuandikisha watoto wa baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada. Kwa zaidi ya karne moja hilo lilikuwa limeruhusiwa, na ni vigumu kulitetea.

Katika uwanja wa maonyesho nasaba hukaa kimya. Fomu ya kujiandikisha hudai majina ya wazazi, lakini jaji hahukumu kwa majina. Hufungua midomo ya mbwa kuangalia meno yanavyokutana, hupapasa mabega na kiuno, huhakikisha dume ana korodani zote mbili, kisha humtaka anayemwongoza akimbie naye taratibu kwenda na kurudi ili aone mwendo wa mbele na wa nyuma. Analinganisha alichokiona na kigezo cha aina, basi. Mbwa mwenye mababu mabingwa sitini hushindwa kila wiki na mbwa wa banda lisilojulikana.

Mafunzo nayo hayapatikani kwa kurithi. Nasaba huweza kudokeza mwelekeo: mbwa aliyetoka katika ukoo wa kuchunga kondoo atapenda kuzungukazunguka watoto wanaokimbia, na aliyetoka katika ukoo wa kuokota ndege waliopigwa risasi atabeba viatu mdomoni. Lakini kutulia, kuja anapoitwa na kutembea bila kuvuta kamba hufundishwa, na mbwa koko hufundishwa vilevile. Nchini Uingereza mbwa chotara huruhusiwa kushindana katika utii na mbio za vikwazo bila cheti cha nasaba.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki hukabidhiwa karatasi nyingi kwa mara moja, na hizo hazibadilishani kazi. Kitabu cha chanjo hakithibitishi wazazi, na cheti cha nasaba hakimkingi mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa; mbwa wa nasaba huchanjwa kama mwenzake wa mtaani. Matokeo ya vipimo vya nyonga, macho na vinasaba vya wazazi ni karatasi nyingine tena, na muuzaji anayeonyesha mabingwa lakini hana vipimo hivyo ameonyesha nusu ya habari, tena nusu isiyo na faida kubwa kwa afya ya mbwa. Namba ya chipu isomwe kwa kifaa palepale na kulinganishwa na iliyoandikwa. Mama wa watoto aonekane akiwa hai, si kwenye simu.

Jambo la mwisho huwa katika maandishi madogo. Mfugaji anaweza kuweka kizuizi katika usajili wa mtoto wa mbwa, kwamba watakaozaliwa naye hawataandikishwa. Mbwa huyo ana nasaba kamili, anaruhusiwa kufugwa, kufundishwa na kupendwa, lakini mstari wake katika daftari unaishia kwake. Kizuizi hicho huwekwa mara nyingi kwa sababu nzuri, kama vile kasoro ndogo ya kurithi, na huondolewa na aliyekiweka tu. Anayenunua kwa nia ya kuzalisha alisome hilo kabla ya kutoa fedha.