Hesabu ya umbali wa sayari: ilipatia mara mbili, ya tatu ikakosea

Sayari nane zinalizunguka Jua, kila moja katika njia yake. Je, zimepangwa kwa hesabu maalumu? Kwa miaka mingi wataalamu wengi wa elimu ya anga waliamini hivyo, na walikuwa na sababu ya kuamini.

Hesabu yenyewe

Chukua karatasi au kikokotoo cha simu yako. Andika 0, kisha 3, halafu endelea kuzidisha kwa mbili: 6, 12, 24, 48, 96. Kila namba ijumlishe na 4, kisha gawanya kwa 10. Utapata 0.4, 0.7, 1.0, 1.6, 2.8, 5.2 na 10.0.

Sasa tulinganishe na anga. Umbali kati ya Dunia na Jua, takriban kilomita milioni 150, tuuhesabu kuwa 1. Kwa kipimo hicho Zebaki iko 0.39, Zuhura 0.72, Mirihi 1.52, Mshtarii 5.2 na Zohali 9.5. Namba zinakaribiana sana. Ni 2.8 tu iliyobaki bila sayari.

Kanuni hii iliandikwa na Mjerumani Johann Titius mwaka 1766. Mwenzake, Johann Bode, aliieneza kuanzia 1772.

Ilivyopata sifa, kisha ikaanguka

Mwaka 1781 William Herschel aligundua Uranusi akiwa Uingereza. Kanuni ilitaka sayari inayofuata iwe 19.6, na Uranusi iko 19.2. Imani ikaongezeka, na watu wakaanza kuitafuta sayari ya 2.8.

Tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi wa Palermo, Italia, aliiona Ceres. Umbali wake ni 2.77. Lakini Ceres ni ndogo, kipenyo chake hakifiki kilomita 1,000. Mwaka uliofuata ikaonekana Pallas, karibu umbali uleule. Leo tunajua kuwa eneo hilo limejaa miamba mingi, wala si makao ya sayari moja.

Mwaka 1846 ikagunduliwa Neptuni. Kanuni ilisema 38.8, lakini sayari iko 30.1. Tofauti hiyo inazidi kilomita bilioni moja.

Kanuni iliyosimama

Mwaka 1619 Johannes Kepler alikuwa ametangaza kanuni nyingine. Zidisha umbali wa sayari kwa wenyewe mara tatu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni idadi ya miaka ambayo sayari hutumia kulizunguka Jua. Kwa Mshtarii, 5.2 × 5.2 × 5.2 ni karibu 141, na kipeuo chake ni karibu 12. Kweli, Mshtarii hutumia karibu miaka 12. Ukijaribu kwa Neptuni utapata miaka 165, nayo ni sahihi.

Kwa nini hii haikosei? Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha chanzo chake: nguvu ya mvutano wa Jua. Kanuni ya Titius haikuwahi kupata chanzo cha namna hiyo. Wataalamu wanaeleza kuwa sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe, na zilizokaribiana mno hugongana au husukumwa mbali. Zinazobaki huachiana nafasi, lakini hakuna namba moja inayozilazimisha.

Kwa hiyo tukionyeshwa namba zinazofuatana vizuri, ziwe za sayari, za mvua au za bei ya mazao, tuulize kwanza: nini kinazifanya zifuatane?