Vishada vya Gesi Bwete katika Historia ya Harmoniki za Leza

Gesi bwete, yaani zile ambazo atomi zake haziungani kwa urahisi na atomi za elementi nyingine, ziliingia katika vitabu vya kemia mwishoni mwa karne ya 19, pale Lord Rayleigh na William Ramsay walipotangaza kuwapo kwa agoni mwaka 1894, kisha Ramsay na Morris Travers wakatenga kriptoni, neoni na zenoni jijini London mwaka 1898. Kwa muda mrefu zilithaminiwa kwa ubwete wake huohuo, katika taa na katika uchomeleaji wa vyuma, na ilipita karibu karne nzima kabla haijabainika kwamba atomi hizo, zikipigwa na mwanga mkali wa kutosha, hutoa mwanga wa aina nyingine kabisa.

Mwanga huo huitwa harmoniki, kwa kuwa masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni masafa ya leza iliyoingia yakizidishwa kwa namba kamili. Harmoniki ya kwanza ya leza ilishuhudiwa mwaka 1961 katika University of Michigan, ambako Peter Franken na wenzake walipitisha mwanga mwekundu wa nanomita 694.3 katika kipande cha kwatzi wakapata urujuanimno wenye nusu ya urefu huo wa wimbi. Alama yake kwenye picha ilikuwa hafifu kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa, watayarishaji wa jarida waliidhania kuwa doa wakaifuta, na makala ikatoka na mshale unaoelekeza mahali patupu.

Wakati huo ilitarajiwa kwamba kila harmoniki ingekuwa hafifu mno kuliko iliyoitangulia. Matarajio hayo yalivunjika mwaka 1987, kundi la Charles Rhodes huko Chicago lilipofikia harmoniki ya 17 katika neoni, na mwaka uliofuata huko Saclay, karibu na Paris, ambako kundi lililokuwa na Anne L'Huillier lilipata harmoniki ya 33 katika agoni. Nguvu ya mwanga ilishuka mwanzoni, kisha ikabaki karibu sawa kwa harmoniki nyingi mfululizo, ndipo ikakatika ghafla. Zilionekana zile za namba witiri tu, kwa sababu katika gesi isiyo na upande wa kulia wala kushoto zile za namba shufwa hufutana.

Maelezo yaliyokubalika yalitolewa mwaka 1993 na Paul Corkum wa Kanada, na pia na kundi la Kenneth Kulander huko Livermore, Marekani. Uga wa umeme wa leza huing'oa elektroni kutoka katika atomi, huisukuma mbali, na unapogeuka huirudisha kwa kasi hadi kwenye atomi ilikotoka, ambako nishati iliyochumwa njiani hutolewa ikiwa fotoni moja ya masafa makubwa. Udhaifu wa njia hii ni kwamba sehemu ndogo sana ya nishati ya leza ndiyo inayogeuka harmoniki, na udhaifu huo ndio uliowapeleka watafiti kwenye vishada.

Kishada ni fungu la atomi, kuanzia chache hadi maelfu mengi, zilizoshikana kwa nguvu hafifu za van der Waals. Hutengenezwa kwa kuifyatua gesi yenye mgandamizo mkubwa kupitia tundu jembamba hadi ndani ya ombwe, ambamo hutanuka, hupoa ghafla na atomi zake hunatana. Zenoni hufanya hivyo kwa wepesi, heliamu kwa shida sana. Kanuni za kukadiria hali zinazozaa vishada ziliwekwa na Otto Hagena wa Ujerumani, hasa katika kazi aliyoichapisha pamoja na mtafiti mwenzake Obert mwaka 1972. Mvuto wa vishada ni kwamba ndani ya kishada atomi zimesongamana kama katika kitu kigumu, ilhali kati ya kishada na kishada pana nafasi tupu, hivyo leza hupenya kama katika gesi.

Mwaka 1996 watafiti Donnelly, Ditmire na wenzao walitangaza kwamba vishada vya atomi elfu kadhaa vilitoa harmoniki kwa ufanisi zaidi, na za daraja la juu zaidi, kuliko atomi pweke zenye msongamano uleule. Hata hivyo msongamano unaoleta faida ndio pia unaoleta hasara. Elektroni iliyong'olewa husafiri takriban nanomita 1 au 2 kabla ya kurudi, ilhali atomi jirani iko umbali usiofika nusu nanomita, kwa hiyo huweza kugongana na jirani na kupoteza mpangilio wake. Na mwanga ukizidi, kishada chote hugeuka plazma, yaani mchanganyiko wa ioni na elektroni huru, kikalipuka.

Mlipuko huo, ambao kwa mtafuta harmoniki ni kero, ndio uliovipa vishada jina kubwa zaidi: mwaka 1997 kundi la Ditmire huko Imperial College, London, lilipima ioni za zenoni zenye nishati ya hadi elektronivolti milioni 1, na mwaka 1999 huko Livermore vishada vya deuteri, yaani haidrojeni nzito, vilitoa nyutroni za muungano wa viini kwa kutumia leza ndogo kiasi cha kuwekwa juu ya meza. Kwa upande wa harmoniki, vishada havijaiondoa gesi ya kawaida katika nafasi yake, na kazi za L'Huillier, Pierre Agostini na Ferenc Krausz zilizotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2023 zilisimama juu ya atomi pweke.