Ukingo wa wufa: Utepe mdogo unaoamua umri wa spika

MNUNUZI wa spika kuukuu aghalabu hutazama kasha, hugonga mbao zake na kuuliza ni wati ngapi. Ni wachache wanaoinama kuukagua ukingo wa wufa, yaani ule utepe wa duara unaoiunganisha koni na fremu ya chuma, ilhali hapo ndipo spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilipoharibikia.

Wufa ni ile spika kubwa ndani ya kasha, inayotoa sauti za besi. Koni yake husukumwa mbele na nyuma na koili inayocheza ndani ya pengo jembamba la sumaku. Kwa nyuma koni hushikwa na kitambaa kigumu chenye mikunjo, ambacho mafundi hukiita spaida, na kwa mbele hushikwa na ukingo. Viwili hivyo ndivyo vinavyoizuia koili isikwaruze kuta za pengo.

Ukingo una kazi nyingine mbili. Huziba hewa ili msukumo wa mbele ya koni usikutane na wa nyuma na kufutana, na humeza mitetemo inayofika mwisho wa koni ili isirudi katikati na kuichafua sauti. Utepe wa sentimita moja au mbili hutakiwa kuwa mwepesi, mlaini, usiopitisha hewa na wenye kudumu. Kwa kweli hakuna malighafi moja iliyowahi kuyatimiza yote hayo kwa ukamilifu.

Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani walieleza muundo wa spika ya koili na koni ambao ndio msingi wa spika nyingi hadi leo. Kwa miongo iliyofuata, watengenezaji wengi walitumia ukingo wa karatasi ile ile ya koni, iliyofinyangwa mikunjo kama mawimbi. Ukingo wa namna hiyo hudumu sana, lakini ni mgumu na huiruhusu koni kusogea kidogo tu. Kwa hiyo aliyetaka besi nzito alihitaji kasha kubwa mithili ya kabati la nguo. Karatasi bado ipo kwenye spika za magitaa, ambako besi ya chini kabisa haihitajiki.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1954, Edgar Villchur na Henry Kloss walipoanzisha kampuni ya Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts, na kuleta spika iitwayo AR-1. Villchur aliiacha hewa iliyofungiwa ndani ya kasha dogo ifanye kazi ya springi, na wufa yenyewe akailegeza. Ulegevu huo haukuwezekana kwa karatasi. Hivyo ukingo ukawa wa kitambaa kilichopakwa dawa ya kuziba hewa, na mkewe, Rosemary, alishiriki kuutengeneza ule wa majaribio.

Sponji ilishika nafasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa nyepesi, laini na rahisi kufinyanga, na kwa kuwa haikuiongezea koni uzito, spika ilitoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Acoustic Research wenyewe waliigeukia katika matoleo ya baadaye ya AR-3a, na JBL waliitumia hata kwenye wufa za inchi 15 za spika zao za studio.

Kasoro yake ilijitokeza baada ya miaka. Sponji hiyo ni poliyurethani, na aina iliyotumika sana huvunjwavunjwa na maji yaliyomo hewani. Mvuke hukata minyororo ya kemikali inayoishikilia, huku joto, mwanga wa jua na oksijeni vikiharakisha. Kwa kawaida huanza kumomonyoka kati ya miaka 10 na 25, iwe spika inapigwa kila siku au imefungiwa stoo. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina joto na unyevu karibu mwaka mzima, asitarajie kuufikia huo mwisho wa juu.

Mfano mchungu ni Bose 901, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968. Kila kasha lina spika ndogo tisa. Matoleo mawili ya mwanzo yalikuwa na kingo za kitambaa, lakini kuanzia toleo la tatu zikawa za sponji. Mwenye jozi moja ana kingo 18 za kubadilisha, na fundi hutoza kwa kila ukingo!

Mpira ulichukua njia ya kati. Ni mzito kuliko sponji, hivyo hupunguza kidogo ukali wa sauti, lakini humeza mitetemo vizuri na hauogopi unyevu. Spika ndogo LS3/5A, iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ilitumia spika ya besi ya KEF yenye ukingo wa mpira, na nyingi kati ya hizo zinaendelea kulia. Leo spika nyingi za nyumbani zina mpira wa aina ya butili au nitrili. Nao huzeeka kwa kukauka na kupasuka, ila si kwa kasi ya sponji.

Spika za muziki wa jukwaani hutumia kitambaa cha mikunjo kilichopakwa dawa. Huko kinachotakiwa ni ustahimilivu wa nguvu nyingi, wala si mwendo mrefu wa koni.

Kuukagua ukingo ni rahisi. Sponji iliyokufa hugeuka unga au kunatanata kama lami ikiguswa kidogo kwa kidole. Mnunuzi akute nyufa, asikubali iwashwe kwa sauti kubwa ili kujaribiwa, kwani koili isiyoshikwa sawasawa hukwaruza sumaku na kuungua. Kabla ya hapo spika ilikuwa inaponyeka kwa utepe na gundi tu. Koili ikishaungua, ni matengenezo mengine kabisa.

Kubadilisha ukingo si kazi ya kutisha. Fundi hukwangua sponji ya zamani, husafisha gundi kwa spiriti, huweka vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka koili ili ikae katikati, kisha hugandisha ukingo mpya. Muhimu ni vipimo na malighafi. Spika iliyobuniwa kwa sponji ikiwekwa mpira mnene, koni huwa nzito na besi hubadilika. Wauzaji wanaodai kwamba mpira daima ni bora wanasema nusu ya ukweli.

Kosa la kinyume chake pia hutokea. Mtu hupata AR ya zamani yenye kitambaa, akadhani kila kikuukuu kimeoza, akakichana na kubandika sponji. Kitambaa hicho hakiozi upesi. Kinachokauka ni ile dawa ya kuziba hewa, nayo hupakwa upya kwa brashi. Jaribio lake ni kuisukuma koni taratibu kwa vidole, huku kasha likiwa limefungwa, na kuiachia. Ikirudi polepole, hewa bado imezibwa. Ikirudi ghafla, inavuja, ama ukingoni ama pengine kwenye kasha.