Ukarabati mkubwa wa injini ya ndege ndogo

Ukarabati mkubwa wa injini ni kazi ya kufungua injini yote ya ndege, kupima sehemu zake na kubadilisha zilizochakaa. Mtengenezaji hupendekeza muda wa kuufanya. Kwa injini nyingi za Lycoming O-320, zinazotumika katika baadhi ya ndege za Cessna 172, ni saa 2,000 au miaka 12, kutegemea kipi kitatangulia. Miaka huhesabiwa kwa sababu injini isiyotumika hushikwa na kutu ndani.

Nchini Marekani muda huo si sharti la kisheria kwa ndege ya matumizi binafsi. Hata hivyo, ukaguzi wa kila miezi 12 ni lazima: fundi hupima mgandamizo wa silinda na kutafuta chembe za chuma kwenye oili, ambazo ni dalili ya injini kulika.