Kuchaji Ndai ama Nduthi ya Stima Kitui na Makueni: Form Iko Hivi

Umenunua ndai ya stima, na wikendi unaenda ocha kuona susu Kitui ama Wote. Ukitoka Nairobi betri inasoma 100, roho safi. Swali ni moja: utarudi aje?

Huku mashinani, usianze kwa kusaka stesheni. Anza na soketi na masaa.

Soketi ya nyumbani
Soketi ya kawaida Kenya ni volti 240. Chaja ya kubeba ikivuta ampea 10, hiyo ni kama kilowati 2.4. Kwa masaa 8 ya usiku mita inasoma yuniti 19 hivi. Kiasi hupotea ukichaji, so ndai ndogo inapata kama kilomita 100. Kitui hadi Nairobi ni karibu kilomita 170. Piga hesabu: usiku mmoja hautoshi, mbili zinatosha. Fika Ijumaa, rudi Jumapili. Na ukiwa na Nissan Leaf ya zamani ya yuniti 24, hata kufika bila kuchaji njiani ni noma.

Kumbuka pia mlima. Kitui iko kama mita 1,150 juu ya bahari, Nairobi imepita 1,600. Kurudi unapanda, betri inaisha mbio kuliko ulivyokuja.

Usitumie extension nyembamba, inaweza kuyeyuka ama kushika moto. Fundi mwenye leseni ya EPRA aangalie waya na earth kwanza. Na cheki tangazo za Kenya Power za kukata stima.

Usiachie susu bill
Kenya Power hupanga wateja wa nyumbani kwa matumizi ya mwezi: hadi yuniti 30, 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kila ngazi bei ya yuniti inapanda. Usiku sita za yuniti 19 ni 114, na susu aliyekuwa anatumia taa na redio tu anajipata ngazi ya juu. Mnunulie tokeni kabla uondoke, usingoje akuambie.

Stesheni za njiani
Mombasa Road inapita Makueni: Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Kutoka Kibwezi kuna lami ya kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo. Kabla utoke, fungua PlugShare uone watu walichaji wapi na lini, kisha piga simu uhakikishe chaja inafanya. Uliza pia mdomo wa chaja: Leaf ya kutoka Japan hutumia CHAdeMO, ndai nyingi mpya ni CCS2. Mdomo usipoingia, hiyo chaja ni pambo tu. Panga pia hoteli moja ya pili yenye parking karibu na soketi.

Nduthi
Kuna mode mbili. Kampuni kama Spiro na Ampersand hubadilisha betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, dakika chache uko base. Lakini unategemea stesheni zao, so uliza ya karibu iko wapi kabla uweke sahihi ya loan. Nyingine ni kama Roam Air, unatoa betri na kuichaji kwa soketi ya kawaida nyumbani. Kwa boda wa Mwingi ama Kathonzweni, hii tofauti ndiyo unga ya kesho.

Ukitaka kufungua biz
Aprili 2023, EPRA ilianzisha bei maalum ya kuchaji magari ya stima: wakati huo ilikuwa Sh16 kwa yuniti, na Sh8 saa za usiku matumizi yakiwa chini, kabla ya kodi. Inahitaji mita yake. Kama uko na plot kando ya barabara Wote ama Kitui, anza hesabu hapo.