Kano Iliyoshonwa: Tarikhi ya Ugomvi wa Mapumziko na Mwendo

Mwaka 1895, katika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza, mpasuaji aitwaye Arthur Mayo Robson alilifungua goti la mchimbaji wa makaa ya mawe mwenye umri wa miaka 41, akazikuta kano mbili zinazopishana ndani ya kiungo hicho, zile zinazoufunga mfupa wa paja na muundi, zimeng'oka mahali pake, akazishona kwa uzi wa utumbo wa mnyama. Miaka 6 baadaye mtu yule alikuwa akitembea, na mwenyewe akishuhudia kwamba mguu wake una nguvu. Habari hiyo, iliyochapishwa mwaka 1903, hutajwa hata leo kuwa ndiyo fatiha ya sanaa ya kushona kano za goti, na wapasuaji wana haki ya kuitaja kwa fahari. Lakini mimi, katika tarikhi hii, hunishughulisha zaidi jambo ambalo vitabu vya upasuaji hulipita mbio, nalo ni yale yatakiwayo baada ya jeraha kufungwa: je, mgonjwa na alazwe asitikisike, au na aamshwe atembee? Juu ya swali hili matabibu wamehitilafiana kwa zaidi ya miaka 100, na katika muda huo magoti mengi yaliyoshonwa kwa ustadi yaliharibika kwa ajili ya jawabu lisilo sawa.

Kauli ya mapumziko ilikuwa na mtetezi hodari. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyefariki mwaka 1891, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wasio na shahada, na baba yake, Evan, alishitakiwa mara kwa mara na madaktari waliomwonea gere, hata akaona aula awapeleke wanawe wote 5 wakasome utabibu rasmi, wasije wakapatwa na madhila kama yake. Hugh alikuwa mtu wa huruma, akiwatibu maskini bure siku za Jumapili. Lakini katika elimu yake hakujua suluhu. Kiungo kilichoumia, alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1875, sharti kipumzishwe kwa nguvu, bila ya kukatizwa, na kwa muda mrefu. Banzi la chuma alilolibuni kwa kusudi hilo, ambalo mpwa wake Robert Jones alilieneza jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lingalimo katika wodi za hospitali zetu, na wako waliolala nalo wiki nzima nzima pasipo kusikia kwamba liliwahi kuwa na mwenyewe.

Upande wa pili haukuwa mtupu. Mwaka ule ule wa 1895, huko Paris, Just Lucas-Championnière alitoa kitabu akidai kwamba hata mfupa uliovunjika hupona vyema zaidi ukikandwa na kutikiswa kwa kiasi. Na mwaka mmoja kabla yake, mjini London, wanawake 4 waliokuwa wauguzi na wakunga, walipoona kazi yao ya kukanda viungo inachafuliwa jina na nyumba za ufuska zilizojificha chini ya kibandiko hicho hicho, waliunda chama chenye mitihani na kanuni kali: mwanachama asikande mtu ila kwa amri ya tabibu, wala asijitangaze magazetini ovyo. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikajiita rasmi chama cha tiba ya viungo, jina kilicho nalo mpaka sasa. Kanuni ile ya kwanza iliwapa heshima, ila iliwafunga pia. Kwani ikiwa mkandaji haruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka tabibu aseme, na tabibu mwenyewe amelelewa katika mafundisho ya Liverpool, basi mikono iliyojua zaidi habari za mwendo ilibidi ingoje nje ya mlango.

Kwa hiyo, katika sehemu kubwa ya karne ya 20, aliyeshonwa kano alifungwa plasta gumu, lile ambalo wapenzi wa kandanda wa Dar es Salaam hulicheka kwa kuliita hogo, akakaa nalo wiki 6 au zaidi. Siku lilipopasuliwa kwa msumeno, goti lilitoka limekakamaa, halikunjiki wala halinyooki, paja limenywea, na kano iliyoshonwa, ambayo ndiyo iliyotafutiwa usalama wote huo, imeshikamana na nyama za jirani. Hapo sasa ndipo mtaalamu wa viungo alipoitwa, naye akatakiwa atengue katika miezi mingi yale ambayo plasta liliyafunga katika wiki chache.

Ufa wa kwanza katika itikadi hiyo ulitokea Chicago, katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner, ambako Thomas DeLorme, tabibu kijana aliyekuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma, aliwakuta askari wenye magoti mabovu wakifanyishwa mazoezi mepesi ya kurudiarudia yasiyo na mwisho. Yeye aliwavika kiatu cha chuma mguuni, akakiongezea vipande vya uzito kadiri nguvu zilivyozidi, akawaambia waunyoshe mguu mara 10, wapumzike, kisha waanze tena. Makala yake ya mwaka 1945 ndiyo asili ya desturi iliyomo leo katika kila chumba cha mazoezi, ya kuhesabu kumi na kuongeza uzito, ingawa vijana wanaojitazama kwenye vioo vya vyumba hivyo hawaelekei kujua kwamba wanafuata dawa iliyotungwa kwa majeruhi.

Mkono nao ulikuwa na msiba wake wa peke yake. Kidoleni, kano mbili za kukunja hupita pamoja ndani ya ala nyembamba, na zikikatwa humo, kwa kisu cha jikoni au kipande cha kioo, kovu huzigandisha kwenye ala hata kidole kikawa kijiti. Sterling Bunnell, mwalimu mkuu wa upasuaji wa mikono Marekani, alipaita mahali hapo ardhi isiyo ya mtu, akawausia wenzake wasithubutu kushona humo papo hapo, bali wafunge ngozi na kupandikiza kano nyingine baadaye. Wasia huo ulishikwa kwa taadhima mpaka mwaka 1967, Harold Kleinert wa Louisville alipowatangazia wapasuaji wenzake, waliomsikiliza kwa shaka kubwa, kwamba yeye hushona humo humo na vidole hukunjika. Siri yake haikuwa katika sindano peke yake. Alitoboa ukucha, akapitisha uzi, akaufunga kwenye mpira mwembamba ulioshikizwa karibu na kifundo cha mkono, na nyuma ya mkono akaweka banzi la kuuzuia usinyooke kupita kiasi. Mgonjwa alikinyoosha kidole kwa nguvu zake, na alipolegeza, mpira ukakirudisha. Hivyo kano ikateleza ndani ya ala pasipo msuli wake kuvuta mshono. Mwaka 1975 Robert Duran na mwenziwe Houser wakaonyesha kwamba mtelezo wa milimita 3 hadi 5 watosha kuzuia mgando.

Ithibati ya maabara ilikuja miaka hiyo hiyo. Frank Noyes alipowafunga nyani plasta kwa wiki 8, kisha akazipima kano za magoti yao, alizikuta zimedhoofika, na ilipita takriban mwaka mzima wa kutembea kabla hazijakaribia nguvu zake za asili. Huko Toronto, Robert Salter alifanya kazi na sungura, akaonyesha kwamba gegedu ya kiungo kinachotikiswa mfululizo hupona vizuri kuliko ya kiungo kilichofungwa.

Hata hivyo, hujja iliyowashinda wengi ilitoka kwa wakaidi. Donald Shelbourne wa Indianapolis, mpasuaji wa magoti ya wanamichezo, katika miaka ya 1980 alikuwa akiwapa wagonjwa wake amri za zama zile: wasikanyage, wasinyooshe, wasiharakishe. Walipokuja kupimwa, alitambua kwamba wale waliomwasi, waliotupa magongo mapema na kutembea kwa siri, walikuwa na magoti manyoofu na yenye nguvu kuliko watiifu, na kano zao hazikulegea. Wengi wangalificha aibu hiyo. Yeye aliwasaili waasi wamweleze walichokifanya, kisha yeye na mwenziwe Paul Nitz wakakitangaza mwaka 1990 kuwa ndio utaratibu. Tangu hapo, aliyeshonwa goti huambiwa siku za mwanzo kabisa aweke kisigino juu ya taulo lililokunjwa, aliache goti lishuke mpaka linyooke sawasawa na la pili, kisha akaze msuli wa paja hata kilegesambwa kipande juu, na mtaalamu huweka vidole viwili juu ya msuli ule kuhakikisha kwamba kweli umeamka.

Lakini mwendo nao ulipata wafuasi wapitao kiasi. Utaratibu ule wa 1990 uliwarudisha wanamichezo uwanjani kati ya miezi 4 na 6, na kano iliyopandikizwa badala ya ile iliyokatika haina haraka hiyo: majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba kwanza hufa, kisha mishipa mipya ya damu huiingia, na hudhoofika mno katika wiki zile zile ambazo mwenye goti hujiona mzima akatamani mpira. Utafiti wa Hege Grindem na wenzake, uliotolewa mwaka 2016, uliona kwamba kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza kuumia upya kwa asilimia 51, na ndiyo sababu siku hizi makocha husikia hesabu ya miezi 9 kila mchezaji anapopasuliwa.

Uswidi ilikuwa imekwisha kuuliza jambo zito zaidi. Richard Frobell na wenzake waliwagawa kwa kura vijana 121 waliokatika kano ya mbele ya goti: wengine wakapasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi, wengine wakaanza na mazoezi peke yake, na ruhusa ya kupasuliwa baadaye wakihitaji. Baada ya miaka 2 hali za makundi mawili hazikutofautiana. Na baada ya miaka 5, katika wale 59 walioanza na mazoezi, karibu nusu walikuwa bado hawajapasuliwa.