Urithi, Amana au Mali? Maneno ya Mikataba ya Mwezi

Ugomvi juu ya madini ya mwezini umedumu zaidi ya nusu karne, na kwa sehemu kubwa umekuwa ugomvi juu ya maneno machache. Ndiyo sababu unaihusu kazi ya istilahi. Mikataba yenyewe haikuandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mfasiri anapochagua neno huenda akautia nguvu upande mmoja pasipo kukusudia. Katika makala haya tunakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo kwa kufuata historia yake.

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini tarehe 27 Januari, 1967, wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti ziliposhindana kufika mwezini, na kila moja ikihofu kwamba mwenzake atatangulia na kudai ardhi. Ibara ya 1 yasema kwamba uchunguzi na utumiaji wa anga ni jambo la wanadamu wote. Neno lililotumika hapo katika Kiingereza ndilo hilo hilo liitwalo mkoa. Mfasiri asiye mwangalifu angeweza kuandika “mkoa wa wanadamu wote” na kuwachekesha wasomaji. Ibara ya 2 yakataza taifa lolote kujitwalia mwezi, ama kwa kudai enzi, ama kwa kuutumia au kuukalia, ama kwa njia nyingine yoyote. Twapendelea “kujitwalia” kuliko “kumiliki”, kwani kumiliki kwaweza kuwa kwa halali, lakini ajitwaliaye hakupewa.

Hata hivyo, mkataba huo haukueleza waziwazi hukumu ya jiwe lililokwisha kung'olewa. Kati ya 1969 na 1972 Wamarekani walirudi na mawe na udongo wa kilo 382 hivi. Vyombo vitatu vya Kisovieti visivyo na watu vilileta gramu 300 hivi. Kila dola ilivihesabu vitu hivyo kuwa mali yake.

Mwaka ule ule wa 1967 Arvid Pardo, balozi wa Malta, aliuomba Umoja wa Mataifa uitangaze sakafu ya bahari kuu kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu. Mwaka 1970 Argentina ililipeleka wazo hilo mwezini, na nchi zinazoendelea zikaliunga mkono. Mapatano ya Mwezi yalipitishwa na Baraza Kuu tarehe 5 Desemba, 1979, yakaanza kutumika 1984. Ibara ya 11 yaahidi kuwekwa kwa utaratibu wa kimataifa uchimbaji utakapokaribia kuwezekana, na mgawo wa haki wa manufaa yake.

Je, tuseme urithi, amana au mali? Amana hutunzwa irudishwe kama ilivyo, hali Mapatano hayakatazi kuchimba. Mali ni neno linalokwenda kinyume cha Ibara yenyewe, ikatazayo mwezi kuwa mali ya yeyote. Urithi ndio unaofaa: kila mrithi ana haki, awe na nguvu au hana, na hakuna awezaye kuuza kabla ya wenziwe kukaa. Yaelekea uzito huo ndio ulioyaogopesha mataifa makubwa. Mpaka leo walioridhia hawafiki ishirini, na Marekani, Urusi na China hazimo.

Ibara hiyo hiyo ina maneno mengine madogo: maliasili “zikiwa mahali pake” hazitakuwa mali ya mtu. Wako wanaosoma kwamba zikishaondolewa mahali pake huwa halali ya mchimbaji, kama samaki wa bahari kuu awavyo wa mvuvi. Hoja ya namna hiyo ndiyo iliyoandamana na sheria ya Marekani ya 2015 na ya Luxembourg ya 2017. Lakini samaki huzaana. Barafu ya mwezini haizaani. Na barafu hiyo, ambayo dalili zake zilithibitishwa 2009 katika shimo lenye giza karibu na ncha ya kusini, ndiyo inayotafutwa, kwa kuwa maji yaweza kugeuzwa fueli ya roketi.

Mwaka 2020 Marekani ilitangaza kwamba haiioni anga kuwa mali ya pamoja ya ulimwengu, na mwaka huo ikaanzisha Makubaliano ya Artemis, yasemayo kwamba kuchimba si lazima kuwe kujitwalia. Nchi zaidi ya 50 zimekwisha kutia saini, Rwanda ikiwamo tangu 2022. China na Urusi zilitangaza mpango wao wa kituo mwezini mwaka 2021. Pande zote mbili zinaikazia macho ncha ile ile ya kusini.

Twashauri, basi, maneno haya: kujitwalia, urithi wa pamoja, maliasili zikiwa mahali pake, na uchimbaji. Tusiandike “unyonyaji” pale mkataba unapotaja utumiaji tu, ingawa lugha za kigeni hutumia neno moja kwa yote mawili. Kama kutakuwa na unyonyaji, na uthibitishwe na matendo, usitangulizwe na mfasiri. Lakini pia tusiandike “mali” palipoandikwa urithi. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeiachia haki yetu katika tafsiri, kabla hata ya kuitwa kwenye mgawo.